Shimo la Tano Kwa Nyamlenga

Waliokula numbu siku ile ya Alhamisi, tarehe 6 Novemba 1975, walikuwa watano. Ni vema watajwe mmoja mmoja, kwa sababu baadaye wanne kati yao walifuatwa, kila mmoja peke yake.

Wa kwanza alikuwa Yotamu Mwalukasa, bwana miti, mzaliwa wa Rungwe, mtu wa miaka hamsini na minane, aliyesoma shule ya misheni enzi za Mwingereza na kufundishwa huko kwamba kitu kisichoandikwa jina lake sawasawa ni kama hakipo. Wa pili alikuwa Liberatus Nyaulingo, Mhehe, nyapara wa kambi. Wa tatu alikuwa mkewe, Lusia binti Kikoti, mama wa Kalista, mpishi wa kambi, aliyezaliwa juu ya kilima kile kile walichokuwa wakikifanyia kazi. Wa nne alikuwa Othmani Muhidini, dereva wa Landrova, ambaye babu yake alitoka Kilwa akafungua duka Iringa mjini. Wa tano alikuwa Silvester Luambano, Mngoni wa Songea, afisa wa mradi, mwenye miaka thelathini na minne, mcheshi, aliyekuja kukagua mashimo akiwa amevaa sweta jekundu alilofumiwa na mama yake.

Kilima kiliitwa Kwa Nyamlenga, upande wa Kilolo, mahali ambapo ukungu hupanda kutoka bondeni wakati wowote unaotaka. Watu walikaa pale vizazi na vizazi, mpaka mwaka uliotangulia, walipohamishiwa kijiji kipya kando ya barabara. Nyumba zilibomolewa. Yakabaki mahame, na juu ya mahame mradi uliamua kupanda misindano, kilima kizima, kabla mvua hazijakatika.

Vibarua walipoanza kuchimba mashimo ya miche, kila jembe lilipozama lilifukua numbu: mizizi mirefu, minene kama vidole vya mtu mzima, yenye vifundo kama vya vidole, iliyosahauliwa ardhini tangu watu walipoondoka. Liberatus alijaza tenga zima. Lusia akazifukia kwenye majivu ya moto, Silvester akatoa chumvi garini, wakaketi juu ya magogo.

"Mama Kalista," alisema Silvester, huku akipuliza numbu ya moto kutoka kiganja hadi kiganja, "leo Mngoni amekaribishwa chakula na Mhehe. Babu zetu wakituona watalia."

"Mngoni hakaribishwi," alijibu Lusia. "Hutokea tu akiona moshi."

Wakacheka, hata Yotamu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka. Numbu zilikuwa tamu ajabu. Kwao Rungwe alizijua numbu, lakini za huko zilikuwa na uchungu kidogo kwenye ncha. Hizi hazikuwa na uchungu popote.

Walipokaribia kumaliza, Lusia alisimama. "Kila mtu akate kichwa cha numbu yake ya mwisho, kile chenye jicho la kuchipua. Akakirudishe shimoni kwa mkono wake mwenyewe, afunike, aweke majivu juu. Ndivyo tunavyokula hapa."

Liberatus alitazama chini. Alikuwa Mhehe wa kilima cha pili, na desturi ile aliijua toka utotoni. Lakini mbele yake alikaa afisa aliyesoma, na bwana miti mwenye kalamu mfukoni, naye alikuwa nyapara kwa mwezi wa tatu tu.

"Mama Kalista, usituaibishe mbele ya wakubwa," alisema, akakitupa kichwa chake motoni. Kikalia kama kitu chenye maji kinachoungua. Othmani akacheka, akatupa chake. Silvester akatafuna chake. Yotamu akakitupa chake bila kuwaza lolote, kwa sababu alikuwa ameshafungua daftari. Akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala kuume: *Numbu. Msaula. Ulanzi. Mnavu. Mimea ya pori. Haikupandwa na mtu.*

Lusia peke yake alifunga kichwa cha numbu yake kwenye pindo la khanga, akaenda nacho kwenye mstari wa kwanza wa mashimo. Aliporudi magoti yake yalikuwa na udongo. 

*

Asubuhi ya Ijumaa Yotamu alikagua mistari kama kawaida yake, akihesabu kwa fimbo. Kwenye mstari wa saba alikuta shimo moja limefukiwa. Udongo ulikuwa umeshindiliwa kwa viganja. Alama za vidole zilionekana, nyembamba na ndefu, na juu yake palikuwa na majivu yaliyotawanywa vizuri kama unga juu ya ungo. Akadhani ni mzaha wa vibarua. Akafukua kwa ncha ya fimbo.

Ndani, mahali ambapo mbegu hulazwa, palikuwa na kishungi cha nywele. Nywele za mvi, zimekatwa sawa, zimelazwa ncha zikitazama juu.

Yotamu hakuwa amekata nywele tangu Septemba. Alivua kofia polepole, akapitisha mkono kisogoni. Vidole vyake vilitembea juu ya nywele, kisha vikafika mahali pasipo na nywele, palipo laini na baridi, pana kama kiganja cha mtoto.

Alivaa kofia. Akafukia shimo. Akaandika daftarini: *Mstari wa saba, shimo moja limeharibika.* Hakumwambia mtu.

Jumamosi Othmani alikuja mbio kutoka mstari wa kumi na mbili, akiwa ameshika mkono wake wa kuume kwa mkono wa kushoto.

"Bwana Mwalukasa, nitazame kidole gumba. Nitazame, halafu uniambie nina wazimu."

Kucha haikuwepo. Hapakuwa na damu wala kidonda. Ngozi ilikuwa imefunga juu kama haijawahi kuota kucha tangu kuzaliwa. Na kucha yenyewe alikuwa ameikuta shimoni, chini ya majivu, imesimamishwa wima.

"Iliuma?"

"Ingeuma ningeshukuru! Nilikuwa naendesha gari, bwana. Mkono ulikuwa kwenye usukani, mbele ya macho yangu."

Jumatatu ikawa zamu ya Liberatus. Yeye hakuja mbio. Yotamu alimkuta amechuchumaa mbele ya shimo lililofukuliwa, akiwa na kitu kiganjani, kitu chembamba, cheupe, kama ganda la kitunguu. Ilikuwa ngozi ya ncha ya kidole, nzima, na mistari yake yote ya duara. Kidole cha shahada cha Liberatus kilikuwa laini kama jiwe la mtoni.

"Mzee," alinong'ona Liberatus, "mke wangu asijue."

Siku hiyo hiyo, mstari wa ishirini, lilionekana shimo jingine. Humo palikuwa na nywele tatu za nyusi zilizofungwa pamoja kwa uzi mwekundu wa sufu. Silvester alikuwa ameshaondoka tangu Ijumaa. Alikuwa amehamishiwa ofisi ya Mbeya, na wakati ule alikuwa Mwanjelwa akipanga vitanda na viti kwenye nyumba mpya.

Yotamu alisimama juu ya shimo lile. Hasira ilimpanda kabla ya hofu. Alikuwa ameishi miaka hamsini na minane bila kuogopa kitu asichoweza kukitaja jina, na hakuona sababu ya kuanza sasa. Akapaza sauti juu ya kilima kitupu: "Kama wewe ni mtu, jitokeze. Kama si mtu, mimi hapa siondoki!"

Ukungu ukajibu. Ulipanda kutoka bondeni saa sita kamili ya mchana, kimya, ukafuta mashimo ya chini, ukafuta ya kati, ukafika miguuni pake na kupita, na ndani ya weupe ule akasikia kwanza jiwe la kusagia, krr, krr, krr, umbali wa hatua chache tu, mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala jiwe, na harufu ya ulezi unaokaangwa ikamjia puani, ile harufu ya jikoni kwa mama yake, tamu na ya moto, ambayo kwa dakika moja ilimfanya atake kukaa chini na kungoja aitwe kula, kisha jiwe likanyamaza na ikaanza sauti nyingine, tu, tu, tu, sauti ya viganja vikishindilia udongo, ikitoka shimo hadi shimo, ikija mstari kwa mstari bila haraka, kama anayejua kwamba msimu ni mrefu na kazi itaisha tu, na katika upenyo wa ukungu akauona mgongo, mgongo wa mwanamke mzee ulioinama, na mti wa kuchimbia mkononi, mgongo usiogeuka, unaosogea, unaoinama tena, na kutoka upande ule ikatoka sauti ya mwanamume ikisoma taratibu, kwa matamshi safi ya shule ya misheni, na Yotamu akaitambua, kwa sababu ilikuwa yake mwenyewe.

"Numbu. Msaula. Ulanzi. Mnavu. Haikupandwa na mtu."

Tu, tu, tu.

"Yotamu Mwalukasa. Amepandwa. Othmani Muhidini. Amepandwa. Liberatus Nyaulingo. Amepandwa. Silvester Luambano. Amepandwa."

Ukungu ulipoondoka, Yotamu alikuwa amepiga magoti. Hakukumbuka kupiga magoti. Viatu vyake vilikuwa vimezama mpaka kwenye vifundo, na udongo ulikuwa umeshindiliwa kuvizunguka, vizuri, kwa viganja.

*

Vibarua walikimbia siku ile ile. Walibaki wanne: Yotamu, Othmani, Liberatus na Lusia.

Othmani alitoa chetezo kutoka chini ya kiti cha Landrova. "Hili ni jini la mahame," alisema. "Nyumba ikikosa watu, jini huingia. Marehemu babu alinifundisha la kufanya." Jumanne asubuhi alitawadha, akaweka ubani juu ya makaa, akaizunguka kambi mara saba akisoma kwa sauti. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia. Yotamu, ambaye alikuwa Mmoraviani, alivua kofia na kusimama kwa heshima.

Katika mzunguko wa tano moshi wa ubani ukabadilika harufu. Othmani alinusa chetezo. Ulikuwa ulezi wa kukaanga. Na kule juu, bila kuharakisha wala kuchelewesha hata pigo moja: tu, tu, tu.

Alimaliza mizunguko yake yote saba, kwa sababu hakuwa mtu wa kuacha kisomo katikati. Kisha akaketi kwenye bampa ya gari.

"Huyu si jini, Bwana Mwalukasa."

"Umejuaje?"

"Jini ukilisomea, litapiga kelele, au litanyamaza, au litaondoka. Huyu hakutujali. Huyu yuko kazini."

Kutoka kibandani Liberatus alipiga ukelele. Walimkuta Lusia amemshika mkono, ule alioficha kwa siku mbili ndani ya koti. Vidole vyote vitano vilikuwa vimekakamaa na kuvimba vifundo, ngozi imekuwa ya kahawia, kavu, na ya kubanduka. Kwenye ncha ya kila kidole, pale ambapo kucha huanzia, palikuwa na kijicho cheupe, kibichi, kilichochomoza kiasi cha punje ya mchele. Lusia alikigusa kimoja. Kilikuwa na unyevu. Kilinukia kama mche uliovunjwa.

"Baba Kalista," alisema taratibu, "kichwa chako ulikitupa wapi?"

"Ulikuwepo. Uliniona."

"Nataka ukiseme kwa kinywa chako."

"Nilikitupa motoni. Niliona aibu." Machozi yalimtoka. "Mama Kalista, navisikia vinavuta. Vinataka kwenda chini."

Lusia alimfunika mkono kwa khanga yake, akamgeukia Yotamu. Kwa mara ya kwanza hakumwita Bwana Miti.

"Mzee Yotamu, lete daftari lako. Nisomee ulichoandika juu ya kilima chetu."

Yotamu alisoma. Alipofika kwenye *mimea ya pori* Lusia alicheka, kicheko kikavu.

"Pori! Umeyaonja matunda ya msaula wa hapa?"

"Ni matamu sana."

"Na ya mlima ule?"

"Yanakwaruza ulimi."

"Mlima ni ule ule, mvua ni ile ile. Bibi yangu Nyamlenga alikuwa akitembea na shoka. Msaula mchungu ulikatwa kuni. Mtamu uliachwa, na mbegu yake ikatemwa kando ya njia. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake. Numbu chungu tulikula yote, kichwa na mkia, isirudi. Numbu tamu ikarudishwa kichwa. Mwanzi wa ulanzi unaotoa pombe nyepesi uling'olewa. Udongo, umeuona rangi?"

"Ni mweusi mpaka kina cha mkono," alisema Yotamu. "Nilishangaa. Milima yote jirani ni myekundu."

"Ni majivu ya meko yetu na samadi ya ng'ombe wetu, tangu siku ambazo hakuna anayezikumbuka. Hata mnavu unaokanyaga hapa umechaguliwa. Hakuna jani kwenye kilima hiki lisilojua mkono wa mtu. Nyumba mlizivunja kwa siku moja. Shamba ninyi hamjaliona hata kwa macho, mpate kulivunja!" Akakifunga kile kitabu kwa kiganja. "Nawe ukaandika haikupandwa na mtu. Bibi amekusikia, hata kaburini. Amekula kiapo cha kukuonyesha anavyopanda."

Yotamu alitazama kiganja kile juu ya jalada. Alikuwa amepita milima mingi na daftari kama lile, na kila mlima aliuandika pori.

"Tufanye nini?"

"Kila aliyekula arudishe kichwa kwa mkono wake."

"Numbu za tenga tumezila, na zilizobaki vibarua walizibeba."

"Zipo chache kule juu, kati ya mianzi ya ulanzi. Kipande mlichokuwa hamjafika."

Yotamu akaguna. Kipande kile alikijua. Barua ya Silvester kutoka Mbeya ilikuwa mfukoni mwake, imefika asubuhi hiyo na basi la Iringa: *Mzee wangu, kile kipande cha mianzi kichomwe kabla ya tarehe 20, tusibakize hata hatua moja.*

*

Walipanda kilima Jumatano, mchana. Lusia alikataa wangoje jioni wala alfajiri. "Bibi yangu hakuwa mwizi," alisema. "Kazi yake aliifanya jua likiwa juu. Tutamkuta huko huko." Alitangulia, Liberatus akiegemea bega lake, mkono ukining'inia kama umebeba jiwe. Othmani alifuata akinong'ona dua. Yotamu alikuwa wa mwisho, na jembe.

Ukungu uliwapokea kwenye mianzi. Harufu ya ulanzi uliochacha ilikuwa nzito mpaka kichwa kikazunguka, ingawa hakuna aliyegema pale tangu mwaka jana, na kila mwanzi mchanga waliopita ulikuwa umekatwa ncha, mkato mpya, unaodondosha tone, tone, tone, na matone yale yalikuwa yakienda pamoja na zile sauti za viganja, ambazo sasa hazikuwa mbele wala nyuma bali chini yao, zikipanda kupitia nyayo hadi magotini, na Liberatus akaanza kuinama, hakujikwaa wala hakuanguka, aliinama tu kama anayevutwa kwa upole na mtu anayempenda, mkono wake ukiutafuta udongo, vile vijicho vyeupe vikiwa vimerefuka na kujikunja kuelekea chini, na mbele yao, hatua nne tu, mgongo ule ukasimama, ukaacha kushindilia, na kwa mara ya kwanza ukaanza kugeuka.

"Usimtazame!" alilia Othmani.

Lusia alimtazama. Alipachika mikono kiunoni.

"Kamwene, mke mwenzangu!" aliita kwa sauti ya sokoni. "Loo! Umezeeka vibaya wewe! Siku hizi unapanda wanaume?"

Ukungu ulitulia. Matone yakakoma. Bibi na mjukuu, kwa Wahehe kama kwa wengi, ni wake wenza. Hakuna tusi lisiloruhusiwa kati yao, na hakuna mwingine duniani mwenye ruhusa hiyo. Yotamu alielewa kwamba Lusia alikuwa amepanda kilima na silaha ile tu.

"Watu walikuwa wakitoka mbali kuja kuomba mbegu kwa Nyamlenga," aliendelea Lusia, na sauti yake ilitetemeka, lakini haikushuka. "Leo wangekucheka. Umepanda nini? Mvi za Mnyakyusa! Zitaota nini, bwana wa Tukuyu mwingine mwenye kalamu? Umepanda kucha ya Mswahili wa Kilwa, hapa kwenye baridi! Umekuwa kipofu? Na huyu," akamshika Liberatus kwenye ukosi, "huyu ni wangu. Ni mchungu, nimemwonja miaka ishirini na sita. Mchungu harudishwi ardhini, ulinifundisha mwenyewe. Mwachie!"

Kitu kikacheka ndani ya mianzi. Kicheko cha bibi kizee asiye na meno, cha karibu sana, karibu kiasi kwamba Yotamu alihisi pumzi kwenye kile kipara kisogoni. Na mkono ukatoka katika weupe. Vidole vyake vilikuwa numbu, numbu tupu, za kahawia, zenye vifundo. Ukabaki umenyooka, kiganja juu, ukingoja.

"Chimbeni," alinong'ona Lusia. "Upesi, lakini msizikate."

Yotamu alipiga magoti, safari hii kwa hiari yake. Alichimba kwa mikono, akazipata: numbu chache zilizokwisha kuchipua. Kila mmoja alivunja kichwa cha numbu yake. Othmani alipanda chake akisema bismillahi. Liberatus alipanda chake kwa mkono ule mbovu, akilia, na alipouvuta kutoka shimoni vile vijicho vyeupe vilibaki udongoni, vimekatika bila maumivu. Yotamu alipanda chake mwisho. Akafunika, akashindilia, tu, tu, tu, na akasikia viganja vingine upande wa pili wa shimo vikishindilia pamoja na vyake. Hakuinua uso.

Kisha akatoa daftari. Mvuke wa ukungu ulilowanisha karatasi. Akakata mstari mmoja kwa kalamu, akaandika juu yake na kusoma kwa sauti anachoandika, kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Kwa Nyamlenga. Shamba. Limepandwa."

Ukungu ukashuka. Mkono haukuwepo.

"Na la Silvester?" aliuliza Othmani baadaye, wakiteremka. "Nimpandie mimi? Yule bwana alinipa blanketi lake."

Lusia alitikisa kichwa. "Mkono hauazimwi. Aje mwenyewe."

*

Vidole vya Liberatus vilirudi, ila viwili vilibaki vigumu. Kucha ya Othmani iliota kabla ya Krismasi. Kisogo cha Yotamu hakikuota kitu, naye hakujali.

Kipande cha mianzi hakikuchomwa. Tarehe 20 Novemba Yotamu aliandika Mbeya: *Ndugu Afisa, sitachoma wala sitapanda misindano Kwa Nyamlenga, si leo wala baada ya leo. Hapa tayari pana shamba. Kama mradi unaona vema kuniachisha kazi, anwani yangu itakuwa Mbalizi, kwa mke wangu Tupokigwe. Sasa nakuandikia kama mzee wako. Njoo siku moja tu. Sitaki uamini kitu. Nataka upande kichwa kimoja cha numbu kwa mkono wako, kisha turudi wote Mbeya.*

Jibu lilikuja na kicheko ndani yake. Silvester hakumwachisha kazi. Alisema angemtetea mzee wake mbele ya wakubwa mpaka mwisho, na kweli alimtetea. Miche ya misindano ilipelekwa kilima kingine. *Lakini mwambie Mama Kalista,* aliandika, *Mngoni hapandi mlima kwa kuitwa na maiti wa Kihehe. Babu zangu walishindwa kupigana nao wakiwa hai, sembuse mimi wakiwa wamekufa! Sogora kama mimi hatishwi kwa kiazi.*

Lusia alisomewa barua ile. Hakucheka utani wake. "Mwandikie tena," alisema.

Yotamu aliandika tena Desemba, na tena Januari. Februari alimtuma Othmani na Landrova mpaka Mwanjelwa, amshike mkono na kumleta. Othmani alirudi peke yake. Alisema afisa yu mzima, mcheshi vile vile, amempikia pilau. Kazi ilikuwa imembana. Angekuja Pasaka, ameapa. Ila alikuwa amevaa glavu ndani ya nyumba, na hakuzivua hata wakati wa kula.

Kwenye mstari wa ishirini, shimo la tano, lile la Silvester, lilikuwa halijachipua kitu tangu Novemba. Lusia alilipitia kila asubuhi. Mwanzoni mwa Machi alimwita Yotamu, akamwonyesha. Palikuwa na chipukizi lenye majani manne, limesimama imara, na bua lake lilikuwa jekundu.

Yotamu alisafiri siku ile ile, kwa lori hadi Iringa, kwa basi hadi Mbeya, na kichwa cha numbu kimefungwa kwenye leso pamoja na udongo mweusi wa Kwa Nyamlenga, akidhani pengine ardhi inaweza kumfuata mtu kama mtu hataki kuifuata. Alifika Alhamisi.

Silvester Luambano alifariki Jumatano, tarehe 10 Machi 1976, saa sita mchana, nyumbani kwake Mwanjelwa, Mbeya.